Ng'ombe Walioishi kwenye Barua

28 Aprili

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, wala Christine ninayekaa naye dawati moja, wala Mama. Ng'ombe wa Baba walikufa katika ule ukame mkubwa nilipokuwa darasa la saba, na tangu hapo mimi ndiye ninayewaweka hai. Ninawachunga, ninawanywesha, ninawazalisha, yote kwa kalamu ya buluu, katika barua zinazokwenda gerezani.

Baba yuko Maksimamu, mbali kupita Mombasa, gereza jipya la wanaume lenye ulinzi mkali. Alimpiga rafiki yake fimbo kwenye lambo, wakigombania zamu ya kunywesha, na yule rafiki akafa siku ya tatu. Baba hakukana. Alipewa miaka kumi, na sasa umepita mwaka wa nne.

Mama hajui kusoma. Yeye husema kwa Kiorma, mimi huandika kwa Kiswahili, kwa sababu kila barua husomwa na askari kabla ya kuingia, na isiyoeleweka hubaki ofisini. Baba naye hakwenda shule. Husomewa na mfungwa mwenzake, Mgiriama aitwaye Masha, ambaye pia humwandikia majibu. Kwa hiyo maneno ya Mama hupita kwangu, kwa askari, kisha kwa Masha, ndipo yamfikie Baba. Nayo huharibika hapo pa kwanza, kwangu.

Nakumbuka siku yenyewe. Baba alikuwa ameuliza habari za ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina: Gurati mweusi, Dimtu mwekundu, Adi mweupe mwenye mguu mbaya, Bore wa rangi ya mchanga, na wengine. Mama alikuwa akisafisha kibuyu. Akasema bila chozi, "Mwandikie wamekwisha. Amebaki Dalati tu." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliitazama karatasi, nikaandika: "Ng'ombe wote kumi na wanne wako salama, wanakusubiri."

Tangu hapo Baba huuliza na mimi hujibu. Nikimsomea Mama barua zake, naruka sehemu za ng'ombe. Mama anaamini Baba anajua. Baba anaamini zizi limejaa. Mimi nimekaa katikati yao na daftari.

30 Aprili

Mvua ya kwanza ya maana. Hisabati nimepata 71.

3 Mei

Ami Dukicha, ndugu yake Baba, alikuja na mifugo yake, na Dalati wetu akiwa ndani ya kundi. Ndama wake amekua. Mama alinipa ndama huyo alipozaliwa mwezi wa kwanza, awe mwanzo wa mali yangu. Ni jike, wa kijivu kama mama yake. Bado sijampa jina.

Mdogo wangu Nuh alisimama mlangoni akawanyooshea mbuzi kidole. "Mmoja, wawili, watatu..." Kofi la Ami likamfikia kabla ya wanne.

"Unawahesabu nini? Unataka wafe?"

"Mwalimu alituambia tuhesabu vitu vya nyumbani!"

"Hesabu masufuria!"

Mama alicheka mpaka akaketi chini. Nuh alihesabu masufuria. Ni matatu.

9 Mei

Barua ya Baba, mwandiko wa Masha wenye mikia mirefu. Habari tatu. Baba amemaliza darasa la kusoma huko ndani, na barua ijayo ataandika mwenyewe. Anauliza kama ndama wa Bore ananyonya vizuri. Na sasa ndugu wanaotoka mbali wanapewa nusu saa ya kuzungumza badala ya dakika kumi. Mama aje mwezi wa sita.

Ya pili niliiruka. Ya tatu niliisoma kabla ya kufikiri.

"Nitakwenda," Mama alisema pale pale. "Na wewe utakwenda nami, shule ikifunga katikati ya muhula."

Watazungumza wenyewe. Mdomo kwa sikio, bila mimi.

10 Mei

Sikuelewa chochote darasani.

14 Mei

Leo nimerudi kutoka shule nikakuta mwanamke ameketi kwenye kivuli cha nyumba yetu, leso mbili kiunoni, miguu na matope hadi magotini. Pembeni yake palikuwa na kamba mpya ya katani, imeviringwa vizuri. Mama alikuwa sokoni Garsen akiuza maziwa anayonunua kwa wenye ng'ombe.

"Hapa ndipo kwa mama Abdia?"

"Ndipo. Mimi ndiye Abdia."

"Aa! Basi wewe ndiye mwandishi!" Akanishika mikono yote miwili. "Mimi ni Kadii, mke wa Masha. Natoka upande wa Kau. Nimepanda mtumbwi, nimepanda pikipiki, nimetembea. Mwanangu, mume wangu anakusifu hata mimi nimeona wivu."

Nilimpa maji. Alikunywa, akatoa barua kifuani. Niliujua mwandiko kabla ya kuushika. Masha alikuwa amemwandikia kwamba Jarso, yaani Baba, amempa ng'ombe wa kukamua kwa kumfundisha kusoma. Ng'ombe anaitwa Bore, wa rangi ya mchanga, mpole, amezaa karibuni. Nenda Garsen ukamchukue, watoto wapate maziwa.

"Nina pacha," Kadii alisema. "Wana miaka minne. Mimi ng'ombe sijui, mimi ni mtu wa mahindi na mpunga. Wewe utanionyesha. Anapiga teke?"

Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Maneno yalikuwa machache tu. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema, "Hapigi teke. Lakini yuko malishoni, mbali."

"Mbali wapi?"

"Kule juu. Mpaka mvua ziishe."

Alinitazama, akaitazama barabara aliyokuja nayo, akacheka kidogo. "Si kitu. Ng'ombe si kuku, wa kufukuzwa uani. Mto ukishuka nitarudi. Kamba naiacha, sina haja ya kuibeba mara mbili."

Akaenda zake, na miguu yake yenye matope. Kamba nimeitundika nyuma ya mlango.

Nimewahi kudanganya kwenye karatasi. Leo nimedanganya mtu aliyenishika mikono.

17 Mei

Mvua mchana kutwa. Mto umepanda. Nimeshukuru.

19 Mei

Mto umepanda tena. Kadii hawezi kuja. Wanasema hata barabara ya Malindi itakatika, basi hata gerezani hatutafika. Nimeshukuru tena.

21 Mei

Christine hakuja shule. Nyumbani kwao ni Wenje, na maji yameingia shambani kwa mama yake, mahindi yote yamelala. Amekwenda kusaidia kuhamisha vitu. Nami nilikuwa nikiomba mto upande. Nimekaa peke yangu kwenye dawati na aibu yangu.

25 Mei

Mama: "Kamba hii ya nani?"

Mimi: "Ya shule."

Mama: "Shule mnafunga nani?"

Nuh alicheka sana. Mimi sikuweza.

29 Mei

Christine amerudi, mikono imechubuka. Walimuokoa kila kuku, mahindi hakuna. Nilimpa nusu ya chapati yangu, naye akaniuliza kwa nini siku hizi natembea kama mtu aliyemeza jiwe. Nilisema nina wasiwasi kwa kuwa tunakwenda Mombasa kumwona Baba, kazini kwake bandarini.

Akanitazama kwa huruma. "Abdia. Bandarini?"

"Ndiyo."

"We, Garsen nzima inajua baba yako yuko Maksimamu. Tangu kidato cha kwanza. Hata mwalimu wa zamu anajua."

"Na hukusema?"

"Ulipenda bandari. Ningekunyang'anya bandari ili iweje?"

Nilitaka kukasirika. Nilijikuta nacheka, na chapati ikanipalia. Miaka miwili na nusu nimemweleza Christine habari za meli na makontena. Aliuliza maswali mazuri.

Lakini la ng'ombe sikumwambia.

7 Juni

Idi. Ami alichinja mbuzi. Nuh ana shati jipya, linamfika magotini.

12 Juni

Hakuna mvua siku ya nne. Alama ya maji kwenye nguzo ya daraja imebaki juu, mto uko chini yake.

16 Juni

Mto unashuka. Barabara imefunguliwa. Mama amefukiza kibuyu kwa moshi, ule wa mti anaoupenda Baba. Anaimba. Sijamsikia Mama akiimba tangu Baba aende. Nilikuwa nikimwona kama mtu mkavu, mtu aliyepoteza zizi zima bila chozi. Anaimba vizuri.

Nilifungua mdomo mara tatu nimwambie. Mara ya tatu aliniuliza kama jino linaniuma.

27 Juni

Nitaandika kila kitu, kwa mpangilio, kabla sijasahau.

Tulifika asubuhi. Ukuta ni mrefu na mweupe, hauna hata ufa. Kila baada ya hatua chache kuna kamera inayogeuka polepole. Tulibonyeza vidole kwenye kioo kidogo, tukapigwa picha, tukavua viatu. Kuna mlango wa mashine unaolia. Ulimlilia Mama kwa bangili zake, akazivua zote, na mikono yake ikaonekana myembamba. Kisha askari mwanamke akafungua mfuko wetu akakuta kibuyu.

"Mama, chakula cha nje hakiingii."

"Si chakula," Mama alisema. "Ni maziwa."

"Hata maziwa, mama. Samahani."

Askari alisema kwa upole, lakini alisema. Mama alikichukua kibuyu. Kisha akafungua kibuyu, akanywa nusu, akanipa nusu nyingine. "Kunywa yote," aliniambia kwa Kiorma. "Ataona midomoni mwetu maziwa ya nyumbani kwake." Askari alisubiri hadi tukamaliza. Hakutuharakisha.

Chumba cha kuonana kina vibanda, kila kimoja na kiti, kioo kinene na simu. Ni mtu mmoja tu anayeweza kusikiliza. Mama alikaa. Mimi nilisimama nyuma yake.

Baba aliingia upande wa pili. Nilikuwa nimemwandikia kwa miaka mingi hata nikasahau ana uso. Amekonda, ndevu zimeingia mvi, anatembea kama mtu anayehesabu hatua. Alikaa, akachukua simu. Mama akaanza kwa Kiorma, haraka haraka.

"Kiswahili, mama," askari wa pembeni alisema. "Ili nasi tusikie."

Mama alianza upya. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuzia maziwa. Hakijawahi kubeba mambo kama haya.

"Jarso. Wewe nakonda."

Sikusikia jibu.

"Watoto iko sawa. Nuh nasoma. Abdia nasoma sana, macho itaharibika." Kimya. "Mimi? Mimi iko tu." Kimya kirefu. Kisha nikasikia neno nililolisubiri kwa miaka. "Ngombe? Ngombe gani sasa? Ngombe nakwisha, Jarso. Dalati tu nabaki. Mimi nakwambia zamani, wewe hata hakuuliza!"

Baba hakumtazama Mama. Alinitazama mimi, juu ya bega lake. Niliangalia sakafu. Ni ya saruji, imepakwa rangi ya kijani, na ina mstari mwekundu usiopaswa kuvukwa.

"Wewe nacheka nini?" Mama alisema.

Niliinua macho. Baba alikuwa akicheka, mkono usoni, mabega yakitikisika. Alisema kitu kirefu. Mama alisikiliza. Mgongo wake ulikakamaa, ukalegea. Akageuka, simu ameibana kifuani, akanitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza.

"Njoo," alisema. "Baba yako anasema umefuga ng'ombe kumshinda yeye."

Nilikaa. Simu ilikuwa ya moto kutokana na sikio la Mama.

"Abdia."

"Baba, nisamehe."

"Kumi na wanne," alisema.

"Nini?"

"Barua ile ya kwanza. Uliandika, wote kumi na wanne wako salama. Masha alipofika hapo nikamwambia, simama, rudia. Mama yako ataje idadi ya ng'ombe walio hai? Darmi wangu? Hawezi hata akiwa na homa. Sisi tunahesabu waliokufa tu. Nikajua hapo hapo wamekwisha. Na nikajua si yeye aliyesema, ni wewe."

Kofi la Nuh. Masufuria matatu. Nimekulia katika nyumba ambamo jambo hilo hufundishwa kabla ya mtoto kuota meno, nami niliweka tarakimu kwenye barua kwa sababu vitabuni idadi humtuliza mtu.

"Mbona hukusema?"

"Nililala nimeelekea ukuta siku mbili. Siku ya tatu Masha akanisomea tena. Dimtu ni mkaidi, Gurati ametangulia majini. Nikasema, mtoto huyu ananichungia. Nikimwambia najua, ataacha." Akajifuta macho kwa kiganja. "Kisha wenzangu wakaingilia. Chumbani kwetu kila mtu amechagua wake. Kuna mzee wa bara ana Adi. Barua ikichelewa hanipi raha: Jarso, mguu wa Adi umepona? Na wewe, Bore akazaa mwezi wa Ramadhani, akazaa tena kabla ya Idi ya kuchinja! Wenzangu wakulima walipiga makofi. Mimi nilificha uso kwenye blanketi."

Nilicheka. Nilikuwa nalia pia, lakini zaidi nilicheka. Kitu kilichokuwa kimenikaa tumboni miaka yote hiyo kilitoka, na nilijisikia njaa.

Ndipo nikakumbuka. "Baba, Kadii alikuja na kamba."

"Kadii gani?"

"Mke wa Masha. Alikuja kumchukua Bore. Ana pacha."

Baba aliacha kucheka. "Masha alimwandikia?"

"Ndiyo."

"Alinifundisha kusoma, Abdia. Kila siku, mwaka mzima, kwa kipande cha chaki. Sikuwa na cha kumpa, nikampa Bore mbele ya wote. Nilidhani ni kama wengine walivyochagua. Masha si mfugaji, hakuona nilichoona mimi. Nilimpa kitu nilichojua hakipo. Uongo huo ni wangu, usiubebe. Leo nitamwambia mwenyewe. Lakini yule mama..."

Simu ikakatika. Hukatika yenyewe nusu saa ikitimia. Mdomo wake uliendelea kidogo bila sauti. Kisha askari akamgusa bega, akasimama.

Getini yule askari mwanamke alitupa karatasi iliyopigwa muhuri. Herufi kubwa, zimeinama huku na huku: ABDIA HUYU NI MIMI NAANDIKA. SI MASHA.

28 Juni

Njia nzima Mama alitazama dirishani. Nilisubiri kofi. Tulipofika nyumbani alitoa barua zote za Baba kutoka ndani ya sanduku, akaziweka mapajani mwangu.

"Soma. Usiruke."

Nilisoma tangu ya kwanza. Baba akiuliza kama Gurati ameacha kikohozi. Baba akisema Adi asipelekwe mbali kwa sababu ya mguu. Baba akiuliza kama Mama bado humwimbia Dimtu wakati wa kumkamua. Kwenye hiyo Mama alianza kulia, akalia hadi barua ya mwisho.

"Nilimpelekea habari kwamba wamekufa wote," alisema, "na hakuuliza hata mmoja. Miaka yote hii nilidhani huko ndani amegeuka jiwe. Ndiyo maana sikwenda kumwona."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani nimemlinda Baba. Sikujua kuwa kila nilichoruka kilimwangukia Mama.

Nilimwomba msamaha. Akanivuta kichwa, akakikandamiza kwenye bega lake kwa nguvu, hata sikio likauma. Kisha akauliza, "Na ile kamba?"

Nikamweleza. Alifikiri.

"Dalati si wa kutolewa, ndiye tunayeanza naye," alisema. "Ndama ni wako. Siwezi kukuambia ufanye nini."

1 Julai

Kadii alituma ujumbe kwa mwenye pikipiki: yuko njiani.

Baada ya shule nilikwenda kwa Ami Dukicha na kamba. Nilimfunga ndama wangu, nikamwongoza hadi mahali njia ya kwenda mtoni inapoanza, nikasubiri. Kadii alipotokea nilimwambia kabla hajasalimu, nisije nikaogopa: hakuna Bore, alikufa na ukame, mimi ndiye niliyemwandika, na siku ile nilikudanganya. Huyu ni ndama wa kweli. Hana maziwa bado. Atakuwa nayo akizaa, miaka michache ijayo. Mpaka hapo Mama atampa mwenye pikipiki kidumu cha maziwa kila Ijumaa, awaletee pacha.

Kadii alimzunguka ndama. Akamgusa pua.

"Kumbe nimetembea kwa ajili ya ng'ombe wa karatasi," alisema. Akatikisa kichwa, kisha akaanza kucheka, cheko la watu wa Kau, la mwili mzima. "Masha nitamwambia nini? Huyu anaitwaje?"

"Hana jina."

"Basi ni Bore. Rangi haidhuru."

Nilimwonyesha namna ya kushika kamba, fupi na chini, na namna ya kutembea pembeni badala ya mbele. Nilikwenda naye hadi mtumbwini. Ndama aligoma, tukamsukuma sote, mimi, Kadii na mwenye mtumbwi, akaingia. Nilisimama hadi wakafika upande wa pili.

Kisha nilirudi nyumbani, nikanawa matope, nikakaa na Mama. Alisema kwa Kiorma, nami nikaandika kwa Kiswahili, kila neno lake. Dalati yuko salama. Ndama amekwenda kwa Kadii, anaitwa Bore. Gurati alikufa wa kwanza, Dimtu wa mwisho, na Mama alimwimbia. Mwambie mzee wa bara kuhusu Adi, taratibu. Nilimsomea barua yote, akaniambia nifunge bahasha.

Idadi sikuandika.